Nani anakula bando la steshenari yangu? Nimeweka proksi, Firefox imegoma

karatasi_na_wino (Tanga), Jumatatu saa 4:05 usiku

Wakuu, habari za usiku. Nina steshenari ndogo Ngamiani, Barabara ya 13. Kompyuta tatu, zote Ubuntu, aina ya Linux, kwa sababu ni za zamani na Windows ilikuwa inazitesa. Mbili za wateja, moja yangu ya kuchapia. Intaneti natoa kwenye simu kwa hotspoti, bando la GB 2 kwa siku.

Zamani GB 2 zilinifikisha mpaka nafunga duka. Tangu msimu wa maombi ya mikopo uanze, ikipigwa adhana ya adhuhuri bando limekata roho. Na wateja ni walewale: mtoto aliyemaliza kidato cha sita anajaza fomu ya bodi ya mikopo, mama anafuatilia cheti cha kuzaliwa RITA, kijana anatuma barua ya kazi. Video nimekataza, na kiti changu nimekiweka pale ninapoona skrini zote mbili. Mke wangu anasema nimelogwa. Nami nimemwambia mchawi wa Tanga hashughuliki na MB.

Nikaweka `nethogs` kwenye mashine moja ya wateja nione ni programu ipi inayovuta. Jibu likaja bila kupepesa: Firefox. Sawa, lakini Firefox ni mlango tu, mimi nataka kujua nani anaingia na kutoka.

Basi nikasoma habari za kuweka proksi ndani ya kompyuta yenyewe, kila kinachotoka kwenye kivinjari kipite hapo ukione. Nikachagua mitmproxy. Nimefanya kwenye mashine yangu, si ya wateja. Nikaiwasha, ikasema inasikiliza mlango (port) 8080. Nikaenda mipangilio ya Firefox, nikaandika 127.0.0.1 (anwani ya kompyuta hiyohiyo) na 8080, nikaweka alama itumike na kwa https pia. Nikachukua cheti chake kwenye folda ya `.mitmproxy`, nikakibadilisha jina kiishe na `.crt`, nikakipeleka `/usr/local/share/ca-certificates`, nikapiga `sudo update-ca-certificates`. Ikanijibu cheti kimoja kimeongezwa. Nikafurahi.

Nafungua Firefox: kila tovuti ni SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER, yaani aliyetoa cheti hajulikani. Google hata kile kitufe cha kukubali hatari hakipo. Lakini nikitumia curl, ile ya kufungua tovuti kwa amri bila kivinjari, kupitia proksi hiyohiyo, inafungua vizuri kabisa! Kompyuta moja, cheti kimoja, mmoja anakubali na mwingine anakataa. Nimekosea wapi? Nimekaa nacho tangu nilipofunga duka, chai imepoa mara mbili.

---

kibua_mkavu, Jumatatu saa 4:31 usiku

Kaka, unaua mbu kwa nyundo. Bonyeza F12, nenda kichupo cha Network, utaona kila faili na uzito wake. Cheti cha nini?

---

karatasi_na_wino, Jumatatu saa 4:40 usiku

Nilianza hapo, ndugu yangu. F12 inanionyesha kichupo nilichokifungua tu. Nikitaka kujua Firefox inafanya nini kimyakimya wakati hakuna kilichofunguliwa, au kiendelezi kinaongea na nani, F12 inakaa kimya. Na siwezi kukimbilia kila kichupo kubonyeza F12 kama nafukuza kuku.

---

mama_seva, Jumatatu saa 5:02 usiku

Mdogo wangu, hujakosea pakubwa. Umekosea daftari.

Wewe ni mtu wa steshenari, mihuri unaijua. Tovuti ya https huja na cheti kilichogongwa muhuri na mamlaka ambayo kivinjari kinaitambua. Proksi ya kawaida haina shida na hilo: kivinjari huiambia CONNECT, yaani nipitishie njia mpaka kwa fulani, mlango 443, halafu proksi hukaa pembeni ikipitisha bahasha zilizofungwa. Inajua bahasha inakwenda kwa nani, haijui ndani mna nini. mitmproxy haikai pembeni. Inamjibu kivinjari kana kwamba yenyewe ndiyo tovuti, inachonga cheti papo hapo kwa jina la tovuti hiyo na kukigonga muhuri wake, huku mkono wa pili inaongea na tovuti ya kweli. Muhuri huo ulizaliwa kwenye mashine yako siku ulipoiwasha mara ya kwanza. Hakuna mwingine duniani anayeutambua, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ulipopiga `update-ca-certificates` uliuandika muhuri kwenye daftari la mfumo. curl inasoma daftari hilo, ikakubali. Firefox ya Linux ina daftari lake na la mfumo haiangalii. Kwenye Windows na Mac, tangu toleo la 120 la mwaka 2023, inasoma pia vyeti vilivyoongezwa kwenye mfumo, kwa hiyo huenda maelekezo uliyofuata yaliandikwa na mtu wa huko.

Dawa ni fupi. Andika `about:preferences#privacy`, shuka karibu na mwisho, bonyeza View Certificates, kisha kichupo cha Authorities, kisha Import. Chagua `mitmproxy-ca-cert.pem`. Itakuuliza unauamini kwa lipi; weka alama kwenye kile kisanduku cha tovuti, cha barua pepe kiache.

Angalia jina la faili vizuri. Humo ndani ya `.mitmproxy` kuna `mitmproxy-ca-cert.pem` na kuna `mitmproxy-ca.pem`. Hilo la pili lina ufunguo wa siri, yaani ndicho chombo chenyewe cha kugongea muhuri. Usilitume WhatsApp, usilinakili kwenye flashi, usimpe mtu "akusaidie". Atakayekuwa nalo anaweza kujifanya tovuti yoyote mbele ya kivinjari chako.

Na kuhusu Google kukosa kitufe: kuna tovuti zimekiambia kivinjari mapema kwamba wasije kwangu ila kwa https iliyo safi, na cheti kikiwa na walakini mtumiaji asipewe nafasi ya kulazimisha. Huo ni utaratibu unaoitwa HSTS, upo tangu 2012. Ukisajili muhuri mahali pake, tatizo hilo linaondoka lenyewe.

La mwisho, na hili ungelifanya kwanza: fungua `about:profiles`, tengeneza profaili mpya ya majaribio tu. Weka cheti na proksi humo. Profaili unayoingilia benki na barua pepe usiiguse.

---

karatasi_na_wino, Jumatatu saa 5:26 usiku

IMEFUNGUKA! Dada, Mungu akupe umri. Kumbe daftari.

Sasa nimewasha `mitmweb`, ile mitmproxy ya kutazamia kwenye kivinjari, nina ukurasa 127.0.0.1:8081 na mistari inashuka kama mvua ya masika. Sijafungua tovuti yoyote na tayari kuna `detectportal.firefox.com`, kuna `push.services.mozilla.com`, kuna `firefox.settings.services.mozilla.com`. Ndio wezi wenyewe hawa?

---

fundi_wa_chumbageni, Jumanne saa 1:15 asubuhi

Hao si wezi, ni wazee wa nyumba. detectportal ni Firefox inauliza kama intaneti ipo kweli au umekwama kwenye ukurasa wa kuingia wa hoteli. push ni mlango wa arifa, settings inaleta orodha na marekebisho madogo. Angalia safu ya Size uone: mingi ni baiti mia kadhaa. GB haziishi hivyo.

Kumsoma mitmweb usisome mstari kwa mstari, utapofuka. Bonyeza kichwa cha safu ya Size, ijipange kutoka mzito. Halafu pale juu pa kuchujia, `~d` na jina la tovuti inakubakizia tovuti hiyo peke yake, `~m POST` inakuonyesha zinazotumwa kutoka kwako, `~t image` picha tu. Fungua mstari mmoja wowote uone vichwa vya kwenda na kurudi, yaani maelezo yanayotangulia data yenyewe. Ukizoea utaona haya kuliko mtu aliyechungulia chumba cha jirani.

Umesema ni Ubuntu. Je, umeiangalia snap, ule mfumo wa Ubuntu wa kuweka na kusasisha programu? Kwa kawaida snapd, mtumishi wake, hutafuta masasisho mara 4 kwa siku na kuyashusha bila kubisha hodi. Hiyo haipiti kwenye proksi uliyoandika ndani ya Firefox, maana Firefox ndiyo pekee iliyoambiwa ipite pale. Kama ulikuwa unatazama nethogs mchana na snapd imeshuka alfajiri, umepigwa chenga. Kompyuta inaweza isijue kwamba hotspoti ya simu ni bando la kupima. Ingia mipangilio ya Wi-Fi uiambie ni metered, kisha `sudo snap set system refresh.metered=hold`. Mimi kwangu ilinisaidia sana, lakini usiache mashine miezi bila kusasisha. Siku ya kwenda kwenye Wi-Fi ya bure, iachie ishushe.

---

pwani_tulivu, Jumanne saa 3:48 asubuhi

Naomba niulize bila kumkwaza mtu. Hii proksi utaipeleka kwenye mashine za wateja? Maana hapo utakuwa unasoma nywila za watoto wa watu, namba za NIDA, fomu za mkopo zenye mshahara wa baba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya mtu bila haki, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. "Nilikuwa natafuta bando langu" sidhani kama hakimu atacheka.

---

karatasi_na_wino, Jumanne saa 3:59 asubuhi

Hujanikwaza hata kidogo, na mke wangu kauliza hilohilo kwa maneno makali zaidi. Haitafika kwenye mashine za wateja. Nitafanya usiku, duka limefungwa, kwenye mashine yangu, nikijifanya mimi ndiye mteja: nafungua Firefox kama wao, naingia tovuti wanazoingia bila kujisajili wala kuingiza jina la mtu, nafunga, nafungua tena. Mipangilio yao nitainakili kwenye profaili ya majaribio: ukurasa wa mwanzo uleule, viendelezi vilevile, na ile ya kufuta historia yote kivinjari kikifungwa, ambayo niliiweka makusudi mteja asimwachie mwenzie akaunti wazi.

---

mama_seva, Jumanne saa 4:20 asubuhi

Hapo umenena. Na hata kwenye majaribio, tovuti za benki zipitishe bila kufunguliwa: `--ignore-hosts` na jina la tovuti, proksi inarudi kuwa ile ya kukaa pembeni. Si kwamba mashine yako siiamini. Ila kumbukumbu ya mitmweb ikihifadhiwa kwenye faili, kila kitu kimo, nywila na vyote.

---

karatasi_na_wino, Jumatano saa 12:40 asubuhi

Nimeamka nacho, sijanywa hata chai. Kaeni vizuri.

Jana nilifunga saa mbili, nikarudisha pazia, nikaanza. Nilifungua na kufunga Firefox mara kumi, kila mara nikipita tovuti mojamoja ya zile za kawaida. Kisha nikapanga kwa Size kama alivyosema fundi. Nilitegemea nikute matangazo, au kile kiendelezi cha kubadilisha PDF ambacho sikumbuki nilikiweka lini. Matangazo yapo. Kiendelezi kinapiga simu nyumbani kwao kila kikiamka, nimekifukuza. Lakini vyote hivyo ni makombo.

Juu kabisa ya orodha: `.jpg`, `.jpg`, `.jpg`. Tisa. Zinatoka tovuti moja, zinarudi mara kumi. Nikatazama jina la tovuti nikadhani macho yanachoka.

Ni yangu.

Mwaka jana nilijitengenezea ukurasa wa bei: kutoa kopi, kuchapa, kuweka jalada, picha za pasipoti, na picha tisa za kazi zangu nilizopiga kwa simu. Nikaulipia mahali pa kuuweka, nikaufanya ukurasa wa mwanzo wa kompyuta za wateja, kila akifungua Firefox aone bei asinisumbue. Kila picha ni kama MB 3 na nusu, kama ilivyotoka kwenye simu, pikseli elfu nne upana, kwenye skrini isiyofika nusu yake. Jumla ya ukurasa ni MB 31.

Msimu huu napata wateja 30 kwa siku kwenye mashine mbili. Piga hesabu: 31 mara 30, MB 930. Karibu nusu ya bando langu la siku inakwenda kumwonyesha mtu picha ya kadi ya harusi niliyoichapa mimi, kwenye duka langu, akiwa amekaa mita mbili kutoka kwenye kadi yenyewe iliyobandikwa ukutani.

Kuna la zaidi. Nikafungua mstari mmoja nione vichwa vya kurudi, nikakuta `Cache-Control: no-store`. Nikajiuliza nani kaandika upuuzi huu, nikakumbuka. Ramadhani bei ya karatasi ilipopanda nilibadilisha ukurasa, wateja wakaendelea kuona bei ya zamani, mzee mmoja akanigombeza mbele za watu kwamba kompyuta inasema mia na mimi nasema mia mbili. Kwa hasira nikaingia kwenye `.htaccess`, faili la maagizo ya seva, nikaandika no-store kwa kila kitu. Sikurudi tena kuitazama.

---

kibua_mkavu, Jumatano saa 1:02 asubuhi

Nimecheka mpaka nimeamsha watoto. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ndiye uliyeishona hiyo nguo.

---

mama_seva, Jumatano saa 1:30 asubuhi

Usijilaumu sana, no-store imewaliza wengi. Watu huichanganya na no-cache. no-store maana yake usihifadhi hata chembe, njoo uchukue upya kila mara. no-cache, ingawa jina linadanganya, maana yake hifadhi lakini niulize kwanza kama kimebadilika. Kama hakijabadilika seva inajibu 304 kwa maneno machache na picha haisafiri tena. Kwa ukurasa wako wa bei, HTML ipe `no-cache`, picha zipe `max-age=604800`, hizo ni sekunde za wiki nzima. Bei mpya zitaonekana siku hiyohiyo, picha zitalala.

Ila kwako hilo peke yake halitoshi, kwa sababu umeagiza Firefox ifute kila kitu ikifungwa, na kache, yaani hifadhi ya vilivyokwishashushwa, imo humo. Mteja wa pili anaanza upya hata ukiweka max-age ya mwaka. Na sikushauri uache kufuta. Ulinzi wa wateja ni bora kuliko MB. Kwa hiyo punguza picha zenyewe. Nakili folda nzima kwanza, kwa sababu amri hii inaandika juu ya zile za asili, kisha:

`mogrify -resize 800x -quality 75 *.jpg`

Ni ya ImageMagick, programu ya kurekebisha picha. Au fanya la mvivu kama mimi: ukurasa huo wa nini huko ng'ambo wakati wanaousoma wako ndani ya duka? Uweke kwenye mashine zenyewe.

---

karatasi_na_wino, Jumatano saa 8:15 mchana

Nimefanya yote mawili. Picha tisa sasa jumla hazifiki MB 1, za mtandaoni nimezibadilisha kwa ajili ya wanaonitafuta kutoka Muheza na Pangani. Za dukani nimeuweka ukurasa ndani ya kila mashine, nikauwasha kwa `python3 -m http.server 8000`.

Nikataka kuhakikisha kwa proksi, na hapa nimekwama tena: kwenye mashine yangu nafungua `localhost:8000`, yaani mashine hiyohiyo, ukurasa unakuja, lakini mitmweb haionyeshi hata mstari mmoja. Tovuti nyingine zote zinaonekana. Kwa nini wangu tu unapita kwa siri?

---

fundi_wa_chumbageni, Jumatano saa 8:33 mchana

Firefox haipeleki localhost kwenye proksi, hata ukiiambia. Ni kwa usalama, mtu asije akaelekeza mambo ya ndani ya mashine yako kwa mgeni. Ukitaka kwa majaribio tu, andika `about:config`, tafuta `network.proxy.allow_hijacking_localhost`, iwe true. Fanya kwenye ile profaili ya majaribio, si kwingine. Chrome nayo ina tabia hiyo ya kuruka localhost, huko unaiongezea `<-loopback>` kwenye orodha ya zisizopitishwa.

Ila, ndugu, localhost haitoki kwenye simu yako hata kidogo. Hakuna bando hapo la kukagua.

---

karatasi_na_wino, Jumatano saa 11:20 jioni

Najua. Nilitaka tu kuiona kwa macho, baada ya haya yote siamini kitu nisichokiona. Nimeiona: mistari kumi, `localhost:8000`, na simu imetulia.

Ripoti ya leo: wateja 27, nimechapa mpaka wino mweusi umekaribia kuisha, na bando limebaki GB 1.1. Saa hizi wiki iliyopita nilikuwa nimeshanunua la pili. Yule mzee wa Ramadhani amepita kutoa kopi ya hati, akatazama skrini akasema picha zangu siku hizi zimefifia. Nimemwambia ni macho, mzee wangu.

---

mama_seva, Jumatano saa 11:41 jioni

Umeondoa cheti kwenye Firefox?

---

karatasi_na_wino, Jumatano saa 11:44 jioni

Profaili nzima ya majaribio nimeifuta.

---

mama_seva, Jumatano saa 11:45 jioni

Na kile ulichokipeleka kwenye daftari la mfumo, Jumatatu?

---

karatasi_na_wino, Jumatano saa 11:52 jioni

... Nakwenda. `sudo rm`, halafu `update-ca-certificates --fresh`, sivyo?

---

mama_seva, Jumatano saa 11:53 jioni

Ndivyo. Na folda ya `.mitmproxy` uifute, ukihitaji tena itazaliwa upya na muhuri mwingine.